Mtu wa Maskati

Neno la siri la duka la Wahiba lilikuwa namba ya simu ya zamani, na namba hiyo ilichorwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa duka, pale Tandika, kubwa kiasi cha kusomeka hata ng'ambo ya barabara. Mumewe, Abdulhadi, ndiye aliyeichagua walipoanza kuweka hesabu za vifaa vya ujenzi kwenye kompyuta. Alisema neno la siri liwe kitu ambacho hata ukikurupushwa usingizini unakitaja. Hapo alipatia. Ila Tandika nzima nayo ingeweza kulitaja.

Mwezi uliopita mwizi akalitaja. Aliingia kwenye hesabu hizo, akawaandikia wateja kwa jina la duka kwamba akaunti ya benki imebadilika, na fundi mmoja wa Gongo la Mboto akalipia saruji ambayo haikuwapo. Wahiba alimpelekea saruji hiyo kwa hasara yake, kulinda jina. Kisha akamwita Sekela, binti wa Mbeya mwenye ofisi yake Mwenge, ambaye kazi yake ni kuwapangia wafanyabiashara wadogo ulinzi wa kompyuta.

Sekela hakuwa na makuu. Alikaa juu ya ndoo ya rangi, akauliza nani anapaswa kuona bei za kununulia na nani asione, akataka kila muuzaji awe na neno lake, na nakala ya hesabu ihifadhiwe nje ya duka. Halafu akaguna, macho kwenye kompyuta.

"Mama Malak, kuna mtu mwingine humu. Anaingiaga kila Ijumaa mchana. Yuko Maskati."

Wahiba akajifanya anapanga misumari. "Mie namjua."

"Ndiye aliyewaibia?"

"Astaghfirullah! Huyo ni baba yake Malak."

Abdulhadi alikwenda Maskati kwa ndugu zake kutafuta maisha, akaaga kwamba ni mwaka mmoja tu. Mwanzoni alipiga simu kila siku, baadaye sikukuu kwa sikukuu, mwisho kimya. Talaka hakutoa, na kumwita mkewe hakumwita. Kisha siku moja, katika kubonyezabonyeza, Wahiba aliufungua ukurasa unaoonyesha nani yumo ndani ya hesabu za duka, akakuta neno Maskati. Moyo ulimpasuka kwa furaha. Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya swala alijifukiza udi na kukaa mbele ya kompyuta. Udi, jamani, kwa ajili ya kompyuta! Lakini alikuwa na hoja yake: mwanamume hachungulii nyumba aliyomalizana nayo. Alinunua hata vigae vya bluu ambavyo hakuna mteja aliyevitaka, kwa kuwa Abdulhadi alivipenda, ili avione humo kwenye orodha ya bidhaa.

"Tunamfungia?" Sekela aliuliza.

"Si tumwachie yeye peke yake?"

"Mama yangu, kompyuta haimjui yeye. Inajua neno tu. Akipita yeye, na mwizi kapita."

Wahiba alimtazama Anjelina, muuzaji wake, ambaye mwezi mzima alikuwa akitukanwa na wateja kwamba yeye ndiye mwizi. Akaiacha misumari.

"Fungia," alisema.

Sekela akaweka neno jipya, akapanga kwamba yeyote atakayeomba kulibadilisha, namba za ruhusa zije kwenye simu ya Wahiba tu.

Ijumaa ikafika. Simu ikatetemeka mkononi mwake: mtu aliye Maskati anaomba neno jipya, na namba za ruhusa ni hizi. Kabla hajamaliza kusoma, simu ikaita.

"Wahiba."

Sauti ni ile ile. Wahiba akakaa juu ya mfuko wa saruji.

"Abdulhadi. Assalamu alaykum."

"Waalaykum salaam. Nimeshindwa kuingia. Nitajie hizo namba."

"Malak kaingia sekondari."

"Mashallah. Namba zinaisha muda, fanya haraka."

Alikuwa tayari kumtajia. Alikuwa tayari kumtajia hata namba za maisha yake yote, ilimradi aendelee kuisikia sauti hiyo. Lakini kwanza akauliza alichotaka kukijua miaka yote.

"Unaangaliaga nini humo?"

"Naangalia kama duka linauza. Nikiona linauza, najua nyie hamna shida. Roho inatulia, sina haja ya kurudi."

Wahiba alivikumbatia vile vigae kwa macho, boksi juu ya boksi. Kumbe alikuwa akilipamba duka ili mumewe avutike kurudi, na mumewe kila Ijumaa alilitazama likiwa limependeza, akaona bora abaki aliko.

"Namba sitoi, baba Malak," alisema taratibu. "Ukitaka kujua kama tuna shida, njoo uone."

Simu ikakatwa. Punde ikatetemeka tena: mtu wa Maskati anaomba neno jipya, na namba za ruhusa ni nyingine. Anjelina akamwita kutoka kaunta, Wahiba akampa mgongo. Aliikumbatia simu kifuani mpaka muda wa zile namba ukaisha, simu ikatulia. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, akamwomba Mungu mtu yule ajaribu kuingia tena, hata mara moja tu.