Kifua cha Gauni Jeupe

Mtaani walimwita Fundi Nusu, na yeye alijua. Alianza kufuma vitambaa vya makochi, akaacha. Akaingia kwenye vikapu, akaacha. Ufinyanzi ulimfikisha hadi kununua gurudumu, na gurudumu likaishia kuwekewa ndoo za maji. Batiki, mishumaa, maua ya karatasi, usiseme. Kaka yake alipenda kutania kwamba ukipekua chini ya vitanda vya nyumba ile utakuta mwanzo wa kila kitu, mwisho hauonekani.

Watu walidhani hana subira. Subira alikuwa nayo tele. Shida yake ilikuwa dada yake mkubwa. Wawili hao walibaki katika nyumba ya wazazi, mkubwa mjane, mdogo hakuolewa, na kila mdogo alipoleta kazi mpya sebuleni, mkubwa alivuta kiti, akatazama siku mbili tatu, kisha akasema hebu naye ajaribu. Basi. Wiki haijaisha, kikapu cha mkubwa kimekaa wima, cha mdogo kimelala upande. Majirani wanakuja kuagiza, wanampita mdogo mlangoni utadhani pazia. Na mkubwa, kwa ule upole wake unaoudhi, huwaambia wageni kwamba huyu ndiye aliyemfundisha. Wageni wanacheka. Ungekuwa wewe, ungeendelea?

Mwisho akajaribu shanga, zile ndogo kabisa za kushonea nguo. Mkubwa akavuta kiti kama kawaida yake. Ila safari hii mdogo alimwona akipapasa tundu la sindano kwa kidole. Alimwona akimimina chai nje ya kikombe, kisha akipangusa meza harakaharaka. Macho yalikuwa yanakwenda, na mwenyewe hakutaka mtu ajue. Mwenye roho safi angemshika mkono ampeleke hospitali. Huyu alinyamaza, Mungu amsamehe, na moyoni akafurahi.

Haukupita muda, binti wa kaka yao akachumbiwa. Mama yake alifariki binti angali mchanga, na shangazi hao wawili ndio waliomlea. Alitaka kifua cha gauni lake kijazwe maua meupe ya shanga, na bila kufikiri mara mbili akamwomba shangazi mkubwa. Mdogo alikuwa amekaa palepale. Alichotaka maishani kilikuwa kimoja tu: watu waitazame kazi, waulize ni ya nani, na jibu liwe yeye. Siku hiyo aliapa kwamba safari hii hakiponyoki.

Mkubwa alishonea sebuleni, dirishani, na hakuruhusu mgeni yeyote, wala bi harusi, aone kazi kabla ya siku ya kujaribu gauni. Mdogo alijifungia chumbani akashona kifua cha pili, kipimo kilekile, maua yaleyale. Kila akipita sebuleni aliona petali za dada yake zinapandana, naye akasifu. Siku moja mkubwa, ambaye hakuwahi kumuuliza mdogo wake chochote, alishika makopo mawili ya shanga, moja kila mkono.

"Nyeupe ni hili, siyo?"

Lilikuwa la njano.

"Ndilo hilo, dada," alisema mdogo, akaenda zake jikoni kuosha vyombo.

Siku ya kujaribu ilipofika, wanawake wa ukoo walijaa sebuleni. Fundi cherehani wa gauni akakikunjua kitambaa cha kifua. Maua yalikuwa yamepandana, nusu yake njano, kama nguo iliyomwagikiwa mchuzi. Mmoja akakohoa. Mkubwa alikuwa anangoja sifa, na sifa haziji. Akapitisha vidole juu ya kazi yake, akauliza kuna nini. Hapo ndipo kila mtu alipoelewa kwamba mama huyu haoni.

Mdogo hakungoja. Aliingia chumbani akarudi na chake, akaeleza kwamba alikitengeneza tu, endapo kitahitajika. Jamani, ilikuwa kazi! Fundi akakigeuza nje ndani akitafuta kosa, akalikosa, akauliza nani kashona. Akajibiwa. Wanawake wote wakageuka kumtazama Fundi Nusu kwa macho mapya, na uso wake ukawaka kwa raha.

Bi harusi peke yake hakusifu. Alimuuliza fundi kazi kama ile huchukua muda gani. Fundi akasema miezi mitatu, na hapo uwe unakaa nayo kila siku.

"Kwa hiyo ulijua, shangazi," alisema yule binti. "Muda wote huo ulikuwa unajua."

Mkubwa aligeuza uso kumtafuta mdogo wake, macho yakatua kwenye pazia.

"Nilikuuliza kuhusu lile kopo," alisema polepole.

Bi harusi alikichukua kile kilichoharibika, akakiweka kifuani, akamwambia fundi ashone hichohicho. Fundi akauliza, je, hiki kingine? Akaambiwa amrudishie mwenyewe, akamwekea magotini.

Mkubwa aliinuka, akasema anakwenda kulala. Mdogo akakitupa kile kitambaa, akamkimbilia amshike mkono. Mkubwa akauchomoa mkono wake, akapapasa ukuta hadi chumbani.