Kuku wa Mninga

Usiku wa kuamkia leo niliota mchoro wa kuku umekaa juu ya meza yangu ya kazi, umekunja nne, unanisubiri kama mteja mwenye miadi.

Niseme kwanza hali ilivyo. Mimi ni Anselmo Kobelo, karani mstaafu wa mizani ya malori, hapa Morogoro. Burudani yangu ya uzeeni ni mashine ndogo ya kukatia nakshi za mbao, ile yenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka kama sindano. Mke wangu Perpetua, ambaye ni fundi cherehani wa kweli, anaiita "cherehani yako isiyoshona".

Jumamosi binti yetu Devota anaolewa. Marehemu mama yangu alikuwa na desturi: kila mjukuu anapooa au kuolewa, bibi anamkabidhi kuku jike mbele ya watu, kwa mikono yake mwenyewe. Mama alifariki Machi, zamu ya Devota haijafika. Basi nikaahidi, kwa mdomo wangu huu usiotulia, kumkata kuku huyo kutoka kwenye ubao wa kichwani wa kitanda cha mama. Mninga mtupu. Ubao ni mmoja tu. Nikiuharibu, Devota ataondoka nyumbani bila kuku wa bibi yake. Nimeshajaribu kwenye plaiwudi mara tatu, na mara tatu nimeharibu. Nililala na hofu, sioni haya kusema.

"Umechelewa," mchoro ukaniambia.

"Samahani. Kulikuwa na foleni."

Sijui foleni gani. Kutoka kitandani kwangu mpaka karakana ni hatua kumi na mbili.

"Kuna wenzangu wana malalamiko," ukasema. "Wapokee."

Nageuka. Karakana imekuwa ofisi yangu ya zamani pale mizani, na dirishani wamepanga mstari kuku watatu wa plaiwudi, kila mmoja na fomu yake. Wa kwanza hana miguu. Wa pili hana macho. Wa tatu hana hata umbo la kuku, anafanana na ramani ya wilaya.

"Jina la mlalamikaji?" nauliza, kwa mazoea.

"Kuku," anasema yule asiye na macho.

"Lalamiko?"

"Ulinikata nje kwanza. Ukanimaliza mkia, ukanimaliza kifua, halafu ndiyo ukakumbuka jicho. Ukanishika kwa ncha za vidole, nikatetemeka, keekee ya kutobolea ikanipitia shavuni. Wewe ungekubali kuzaliwa hivyo?"

Ningekataa. Kanuni naijua: matundu ya ndani hutobolewa na kukatwa kwanza, wakati ubao bado mpana na mkono una pa kushika. Ila nina kiherehere. Napenda kuona umbo limetoka nimwite Perpetua aje atazame. Nikaandika kwenye fomu: kiherehere. Nikagonga muhuri.

"Mimi ulinisukuma," akasema ramani ya wilaya. "Kamuulize bledi."

Bledi yuko mezani anakula. Amejifunga kitambaa shingoni, mbele yake kuna sahani ya mninga, na anatafuna kwa meno madogomadogo bila haraka yoyote. Namsogezea sahani ili amalize upesi. Anaacha kula, ananitazama.

"Karani, nani anakufukuza?"

"Harusi ni Jumamosi."

"Leo siku gani?"

"Jumatano."

"Basi niache nile mwenyewe. Ukinisukumia chakula nitapinda. Nikipinda nitakwenda kombo. Kisha nitakatika, na utakwenda kunisema kwa watu kwamba bledi za siku hizi hazina kitu."

Maneno hayo nimewahi kuyasema, tena dukani, kwa sauti. Nikaomba radhi. Akaniomba chumvi. Nikampa selotepu, maana katika ndoto ile chumvi ilikuwa selotepu, naye akaibandika juu ya mninga, akaonja, akasema ndiyo, hivi ubao hauungui kwa msuguano.

"Na miguu yangu?" akauliza kuku wa kwanza, kutoka sakafuni.

Bledi akasema si kazi yake. Mimi pia sikujua. Miguu yake ilivunjika hata nilipokata polepole, na sababu sikuipata. Na jioni nilikuwa nimeshaubandika mchoro kwenye ubao wa mama. Hofu ikanirudia palepale.

Sahani ya bledi inaanza kurefuka. Inaota miguu minne, inatandikwa shuka, inakuwa kitanda cha mama, na mama mwenyewe amelala juu yake na khanga yake ya manjano. Mimi nimesimama kichwani, mashine inanguruma mkononi.

"Anselmo."

"Naam, mama."

"Unakata kitanda nimelala?"

"Ni ubao wa kichwani tu, mama."

"Na mimi kichwa nimekiweka wapi?"

Ndivyo alivyokuwa hata alipokuwa hai, na nilifurahi mno kumsikia hata nikasahau kuzima mashine. Akanizimia yeye.

Kisha akatazama ubavuni kwake. Mchoro wa kuku ulikuwa umelala naye, lakini umekingama, kichwa upande huu, miguu inaning'inia hewani upande wa pili.

"Huyu mgeni nani kamlaza hivi?"

"Mimi, mama. Nilimbandika amesimama."

"Mtu analala kufuata urefu wa kitanda. Tazama nyuzi za mbao zinavyokwenda. Umemlaza kuzikatiza, miguu myembamba vile itashikwa na nini? Mlaze kama mimi."

Nikatazama. Nyuzi zilikwenda kwa urefu, wazi kama mistari ya daftari. Miaka miwili na mashine, sijawahi kuzitazama! Nikataka kucheka, nikataka kulia.

Mama akachomoa pini kwenye kilemba chake, akadunga ubao mara moja.

"Jicho lake hapa. Aanze kuona, ndiyo aende kwa watu. Na umwambie Devota asimchinje."

Nikaamka. Kumepambazuka, Perpetua anakunja nguo.

"Baba Devota, ulikuwa unamwomba nani radhi usingizini?"

"Bledi."

"Haya."

Nikaenda karakana. Mchoro ulikuwa kama nilivyouacha jana, umekingama, karatasi nzima, haina hata mkwaruzo. Nikaubandua taratibu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Chini yake, kwenye mninga, palikuwa na kitundu. Kidogo, safi, kimepenya mpaka upande wa pili.

Nikamwita Perpetua.

"Umetoboa wewe?"

"Mimi nashona nguo."

Nikageuza mchoro, nikaulaza kufuata nyuzi. Jicho la kuku likakaa juu ya kitundu sawasawa, bila kusogeza hata unywele. Nikamsimulia Perpetua ndoto yote, mpaka pini ya mama.

"Kuna ujumbe pia," nikasema. "Devota asimchinje."

Akacheka mpaka akashika mlango, huku anajifuta macho kwa pindo la khanga. "Huyo ni mama," akasema. "Huyo ni mama kabisa."

Nikapitisha bledi kwenye jicho, nikaikaza, nikawasha mashine. Sikuisukumia chakula.