Shati Chini ya Godoro

Hata viatu sijavua, nisikilizeni kwanza. Si mnajua naendaga kujitolea kwenye ile nyumba ya wagonjwa ambao hospitali imeshainua mikono? Dawa sigusi. Nalowesha midomo kwa pamba, nasuka nywele, nasikiliza. Basi mgonjwa wangu alikuwa mama mmoja fundi cherehani, mwembamba kama uzi wake mwenyewe, lakini ulimi wake, weka mbali na watoto.

Huyu fundi ana wifi yake. Miaka ishirini nyuma, wifi alimwambia kaka yake kwamba mkewe ana hawara. Akafunua godoro, shati la kiume hilo hapo. Fundi akatimuliwa siku hiyohiyo. Mtoto wao wa miaka mitatu akabaki, akalelewa na wifi huyohuyo, akilishwa hadithi kwamba mama yake alimkimbia kwa ajili ya mwanamume. Kaka mtu alishafariki. Mtoto ni mdada mzima sasa, mwalimu, na simu ya mama yake hapokei. Fundi aliniambia duniani kabakiza haja moja tu: binti asikie ukweli, tena kwa mdomo uleule uliotoa uongo.

Na wifi alikuwa haachi kuja, na chupa yake ya juisi. Anataka asamehewe, eti hapati usingizi. Ila anataka msamaha wa jumlajumla: tulikoseana, wifi yangu, tuyaache. Tulikoseana, sikia maneno. Fundi akisikia tu viatu vyake kwenye korido, analala fofofo. Mwenzake anakaa saa mbili anamwangalia, anaondoka. Mimi nang'ata shavu nisicheke.

Jumanne sista akaniita pembeni, akaniambia fundi akiiona Alhamisi tushukuru. Mwenyewe alishaambiwa, maana aliuliza.

Nikampigia binti kwa simu ya ofisi, nikamwambia kuna fomu lazima asaini. Ndiyo, nilidanganya, na kwenye mafunzo walitukataza kabisa kuingilia mambo ya familia za watu. Alipofika nikamkalisha nyuma ya pazia la kitanda cha pili, kilikuwa kitupu, nikamwomba asubiri na asiseme neno. Wifi akaingia. Nikavaa uso wa msiba.

"Mama, hali imebadilika," nikamwambia. "Ila masikio ndiyo huwa ya mwisho kuondoka. Kama una neno, liseme lote, usibakize."

Akalia, akasema. Shati alilinunua mtumbani, akalifua, akalipulizia manukato ya kiume, akalisukumia chini ya godoro fundi akiwa kwenye cherehani yake. Sababu? Kaka yake alikuwa amempa mkewe chumba cha mbele ashonee nguo, na yeye alikuwa anakitaka kwa saluni. Chumba, jamani.

Fundi akafungua jicho moja.

"Hapo kwenye manukato sijakupata vizuri, wifi. Hebu rudia."

Pazia likavutwa. Binti akasimama pale, uso mkavu kabisa, na wifi akawa hajui amtazame nani.

"Shangazi, inuka. Hicho kiti nakihitaji."

Akainuka, akatoka. Nilimkuta kwenye korido, akanishika mkono, ananisihi nikamuulizie kama amesamehewa au la. Nikarudi ndani. Binti ameshika pamba yangu, anamlowesha mama yake midomo vibaya, maji yanamtiririka shingoni, na fundi anamwacha tu. Nikauliza. Fundi akanigeuzia uso.

"Mwambie aje Ijumaa saa nne. Nitamjibu."

Nilijua. Na yeye alijua kwamba najua. Nikatoka, nikamfikishia wifi ujumbe na tabasamu juu. Akaniombea dua nipate mume mwema.

Fundi kafariki Jumatano alasiri, mkono wake kwenye mkono wa binti. Binti akasema shangazi asipigiwe simu, na nani angembishia?

Sasa leo, saa nne kamili, nimemfungulia mlango mimi mwenyewe. Kapendeza, kafunga kilemba kipya. Nimempeleka mpaka kitandani, shuka jeupe limenyooshwa halina hata kunyanzi. Ananiuliza wifi yake kahamishiwa chumba gani.

Nikamvutia kiti. Nikamwacha akae kwanza, aweke mkoba wake vizuri, atulie, kabla sijamjibu.