Wimbo wa Tisa

Dabasso, mfanyabiashara wa mifugo, alikuwa amelinunua lori, akakubali kulichukua baada ya swala ya alasiri. Kabla hajafika, Hamdia alipanda kwenye kebini akakaa kiti cha abiria, kile alichokikalia kila likizo utotoni, baba yake Elmi akipeleka sukari Sericho na kurudi Isiolo na mbuzi. Elmi alifariki kabla ya Ramadhani. Kaseti yake ilikuwa ingali ndani ya redio. Ilikuwa ya muziki wa kantri, lakini si ile ya kuchangamsha watu baa. Mzungu mmoja, gitaa moja, nyimbo tisa za huzuni.

Hamdia alikuwa ameipata albamu nzima kwenye simu, akaisikiliza kama mtu anayekagua bidhaa. Ilikuwa kazi safi. Mwimbaji hakusema popote kwamba ni mpweke. Alisema anaosha sahani moja. Hakusema mke ameondoka. Alisema mbwa huinuka gari likipita, kisha hulala tena.

Wimbo wa tisa ndio uliomsumbua. Safarini, wa nane ukiisha, Elmi alikuwa akizima redio. Hamdia aliamini miaka yote kwamba baba hawezi kuuvumilia kwa sababu ya mkewe Saadia, mama yake Hamdia, aliyefariki binti akiwa darasa la pili. Sasa alikuwa ameusikia, na haukuwa na mke wala kifo. Mtu anaondoka nyumbani kwao na kutaja kila mji anaoupita, basi.

Lochoro, turniboi na msaidizi wa Elmi safarini tangu ujana, alikuwa nyuma akikunja turubai. Hamdia akamwita.

"Mzee Lochoro, kwa nini baba alikuwa anazima huu wa mwisho?"

"Tepu ilikuwa inaliwa na redio hapo."

"Hivyo tu?"

"Ulitaka nini, binti ya Elmi? Si ungejaribu wewe kuchomoa utepe kwa kalamu, jua la Garbatulla likikuchoma!" Akacheka. "Lakini alikuwa anaumalizia kwa mdomo."

"Sijawahi kumsikia."

"Utamsikia saa ngapi? Ulikuwa unakoroma kama jenereta. Mimi na mbuzi huko nyuma ndio tulikuwa tunawavumilia nyinyi wawili."

"Aliimba Kiingereza?"

"Kiingereza gani! Kisomali. Mimi Mturkana, maneno sikushika. Nilishika majina ya mahali tu."

"Yapi?"

Dabasso alikuwa ameshafika getini. "Salaam aleikum! Tumeswali, Hamdia, leta funguo."

"Aleikum salaam. Ngoja kidogo." Hakugeuka. "Yapi, Mzee?"

Lochoro alifumba macho, akautafuta mdundo kwa kidole kwenye mlango wa lori, akaimba vibaya: "Sericho. Garbatulla. Kula Mawe. Isiolo. Bulla Pesa."

Bulla Pesa, mtaa wa Isiolo, ndiko nyumbani kwao.

"Kwa mpangilio huo?"

"Huo huo, kila safari. Akifika Bulla Pesa, wewe unaamka."

"Hakuwahi kuanzia Isiolo?"

"Hata siku moja."

Mwimbaji wa kaseti alianzia nyumbani akaishia mbali; Elmi aliimba njia ya kurudi. Hamdia akabonyeza kitufe cha redio, kaseti ikatoka, ya moto kutokana na jua. Akashuka na kumpa Dabasso funguo.

"Na hiyo kaseti?" Dabasso akauliza. "Si ni ya lori?"

"Mbovu," Hamdia akasema, akiitia mkobani. "Wimbo wa tisa unaliwa."