Upande wa Taka

...si juu ya mstari, mwanangu, pembeni mwa mstari, upande wa taka, ule wa kutupwa, msumeno unakula mbao sawa na unene wake na mstari wa penseli unatakiwa ubaki mzima, uuone kwa macho, hilo ndilo jambo la kwanza analoambiwa yeyote siku ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa choo kiko wapi, na mimi nimekaa hapa kwenye kigoda, fimbo katikati ya magoti, naona kila kitu na sisemi, kwa sababu katika karakana hii anayejaribiwa hasemeshwi, neno moja tu la kumwelekeza likimfikia amekwisha, arudi kwao, na kanuni hiyo sikuikuta, niliiweka mimi, karakana ilipokuwa yangu na huyu Msasa anayeimiliki leo akifagia maranda chini ya meza hii hii... Msasa, tulimpa jina hilo kwa ulimi wake wa kukwaruza, aliacha shule darasa la nne, sasa ana mashine tatu na mafundi saba, na asubuhi alimwambia mwanangu mbele yao wote, "Profesa, sikuulizi cheti, nitengenezee kiungo kimoja, ulimi uingie tunduni ushike bila gundi, ukishika kesho njoo na ovaroli," nao wakacheka, mwanangu naye akacheka, vizuri tu, kama mtu mwenye haki ya kucheka... ulimi una pande mbili na huu ndio upande wa kwanza, msumeno unazama polepole, juu ya mstari, inchi mbili za kwenda chini na amekwisha kata nusu inchi, akimaliza na wa pili kwa namna hii ulimi utacheza tunduni kama jino la mtoto... "Mzee, chai?" Msasa ananiuliza, hakatazwi kunisemesha mimi, nasema asante, nimeshakunywa, sijanywa, "Mkono wake mtulivu, Mzee, wangu siku ile ulitetemeka kama wa mlevi," na ni kweli, ni mtulivu, hilo ndilo linaloniua, mstari aliochora ni mwembamba na umenyooka, kapima mara tatu, kaandika vipimo kwenye karatasi kwa hesabu zake za nukta, Shahada ya Kwanza ya Sayansi katika Takwimu, Daraja la Pili la Juu, ndivyo ilivyoandikwa, watu husema "ana digrii" wakaishia hapo lakini kitu kina jina lake, nami nalijua neno kwa neno kwa kuwa fremu ya cheti kile niliitengeneza kwa mikono yangu, mbao ya msaji, pembe nne, hata unywele haupiti kwenye maungio, wageni wakasoma maandishi, wakampa hongera, hakuna aliyeitazama fremu, na mimi nilifurahi hakuna aliyeitazama... inchi moja kasoro robo... miaka saba ya barua za maombi, "tutakujulisha," mkewe karudi kwao na mtoto, kasema atarejea mume akipata kazi, kazi yoyote, na mwezi uliopita alikuja chumbani kwangu akasimama mlangoni kama mgeni, "Baba, nifundishe," mtu wa miaka thelathini na minne, nami nikamjibu nini, nikamjibu sikukusomesha miaka kumi na sita uje unuse gundi, nikageukia ukutani, akaenda kujifunza kwenye simu, jioni zote namsikia yule mtu wa kwenye simu akieleza kwa lugha yake, sauti safi, hajawahi kuvuta pumzi ya vumbi huyo, hakumwambia habari ya mstari au alimwambia haraka... fundi wa kupaka vanishi kasimama mlangoni na kopo lake, "Kumbe shahada inakata mbao," anasema, Msasa anamjibu, "Nenda kapake, wewe hata jina lako unalikosea," kicheko, mwanangu hageuki, msumeno unakwenda, msumeno wa mgongo, una mgongo wa shaba wa kuuzuia usipinde, yeye asubuhi aliuita "ule mdogo", na angeujuaje, alikuwa na miaka saba alipoingia hapa na daftari lake, akakaa kwenye maranda, akashika randa, aliishika vizuri, kidole cha shahada mbele bila kuelekezwa na mtu, nikamchapa vidole kwa futi ya mbao, nikamwambia mikono hii ni ya kalamu, akaificha nyuma, hakulia, hakurudi tena... na mimi nilichapwa na nani, mwalimu mkuu alisimama mlangoni mwa darasa la sita na orodha, soksi zake zimefika magotini, wenye vichwa kulia wapelekwe sekondari, wenye mikono kushoto wapelekwe useremala, nilikuwa wa tatu kwa imla, wa kwanza kwa hesabu, akalisoma jina langu vibaya, kushoto, sikuinua mkono kumsahihisha, nikaenda, na miaka yote hii nimejiambia siku moja atokee mtu wangu aende kulia, basi alienda, nilimpeleka kwa vidole vilivyovimba, na hivi sasa namtazama bega lake, kiwiko chake kilivyobana ubavuni, hakuna aliyemfundisha hilo, hicho ni kiwiko changu, huyu ni seremala, Mungu wangu, alikuwa seremala tangu ana miaka saba na mimi ndiye niliyesimama mlangoni na orodha... inchi moja na robo, bado kuna nafasi, akihamisha msumeno sasa akate upya pembeni, atasawazisha kwa patasi, itashika... nikohoe, siku ya Msasa nilikohoa, naye alikuwa juu ya mstari vilevile, miaka thelathini na mitano iliyopita, kukohoa si neno, nilikohoa mara moja tu na Msasa akasimama, akatazama mstari wake, akahamisha msumeno, hatukuzungumza habari hiyo hata siku moja, lakini hapa kila mtu huielewa sauti ya mwenzake, nyundo iliyopiga vibaya, mguno, kikohozi, mtu huyapata hayo kwa kufagia... kifua changu kikavu, nakohoa, mara moja, msumeno unanyamaza, Msasa anainua uso haraka, ameelewa, tunatazamana naye sekunde nzima halafu anaangalia sakafu, ananiachia, na mwanangu amegeuka, jasho kwenye nyusi, vumbi la mbao kwenye mashavu, ana uso ule ule wa kuficha mikono nyuma, "Baba, nikuletee maji?" natikisa kichwa, natikisa tena, namtazama, nautazama mstari, namtazama yeye, "Tulia, Baba, namalizia," ananitabasamia, anarudisha msumeno kwenye ule mfereji, juu ya mstari, juu yake hasa, kwa uangalifu mkubwa.