Mkwe Nje ya Dirisha

Mwalimu Mathew alipomwona mtahini mwenzake akiingia darasani, hakusalimu. Aliruka dirishani, tai na kalamu na yote, akatua kwenye maharagwe ya shule. Mtahini huyo, bibi kizee, naye akajifunika leso uso mzima na kugeukia ukuta.

Ayuma alibaki katikati, mdomo wazi. Alikuwa mtahiniwa wa mwisho wa beji mpya ya lugha mbili, ambayo shule yao ya Navakholo ilikuwa inawapa wanafunzi wa Kidato cha Nne wanaomudu Kiswahili na Kiluhya barabara. Mwalimu alikuwa amemwomba chifu amtafutie mama mzee anayejua Kiluhya cha ndani. Chifu, kwa busara zake zote, akamletea mama mkwe wa mwalimu mwenyewe. Na huku kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawatazamani, wala hawasemeshani. Heri ukutane na nyoka chooni.

"Tuahirishe!" mwalimu alisema kutoka kwenye maharagwe.

Ayuma akakimbilia dirishani. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Miaka minne hakuwahi kupata zawadi yoyote, hata ya usafi, na juzi, kwa kiherehere tu, alimwambia mamake kwamba beji ameshaipata. Mamake akalitangazia soko zima. Akiikosa sasa, uso atauweka wapi?

"Mwalimu, usiende! Wewe sema Kiswahili, bibi huyu, Kukhu, aseme Kiluhya, mimi niwapelekee maneno. Si hiyo ndiyo mtihani?"

Mwalimu alifikiri kidogo, akakubali, mradi kichwa chake kisionekane.

"Haya. Muulize Kukhu kama ameamka salama."

Ayuma akaligeuza swali kwa Kiluhya, vizuri kabisa. Bibi akaujibu ukuta kwa Kiluhya kizito: "Mwambie nitaamkaje salama, na binti yangu ameolewa na mvivu anayelala mpaka jua limchome makalio?"

Ayuma akameza mate. "Mwalimu, Kukhu anasema unafanyanga kazi sana. Anakuombea usingizi mwema."

"Mwambie asante," mwalimu akasema.

"Mwambie tena anakula obusuma, ugali wa watu watatu, na bado anatazama sufuria!" bibi akasema.

"Anafurahi vile unapenda mapishi ya binti yake."

"Na kichwa chake ni kigumu kama jiwe la kusagia!"

"Anasema una msimamo, Mwalimu."

Jasho lilimtiririka Ayuma, lakini alijiona mjanja. Alichosahau, na sijui alisahauje, ni kwamba mwalimu alizaliwa Mayoni, kwa Waluhya wenyewe, na bibi ameuza ndizi Kakamega mjini, kwa Kiswahili, miaka thelathini. Kila mmoja alikuwa anaelewa kila neno la mwenzake.

"Wewe msichana," bibi akasema kwa Kiswahili kilichonyooka. "Mimi nimesema ni mvivu. Huo usingizi mwema umeutoa wapi?"

Ayuma akaona beji imekwenda. Alitaka kulia, akalia. "Nisamehe, Kukhu. Niliogopa mtagombana nikose beji."

Kikohozi kikasikika dirishani.

"Ayuma," mwalimu akasema, sauti imeshuka, "mwambie Kukhu matusi yake yote nimeyasikia. Lakini mwambie nimemuoa binti yake miaka tisa, na leo ndiyo mara ya kwanza kuambiwa ananiombea usingizi mwema. Najua si yeye aliyesema. Nimefurahi tu."

Ayuma akafungua mdomo atafsiri. Bibi akainua mkono kumzuia. Akailegeza leso, akaivuta karatasi ya kumpa Ayuma beji na kuweka sahihi.

"Mpelekee aweke yake," alisema. "Na umwambie Jumapili nitatuma ingokho, jogoo mnono, apikiwe yeye. Hiyo usiongeze hata neno."

Ayuma aliinama dirishani akayasema kama yalivyo, na mwalimu akatia sahihi juu ya goti.