Vyungu Visivyovunjika

Ukipita Sumbawanga mjini utaviona mbele ya nyumba za wageni na maofisi: vyungu vya maua vya plastiki, rangi ya udongo, shingo fupi, tumbo pana. Chini kidogo ya mdomo vina alama mbili za vidole gumba, moja kubwa na moja ndogo. Watu hudhani ni urembo. Mimi ndiye niliyevileta mkoa huu, na kila nikivipita nageuza uso kama mtu anayedaiwa.

Mama yangu, Bertila, alikuwa mfinyanzi wa kijiji cha Pito. Kila chungu, kabla hakijakauka, alikibonyeza kidole gumba chini ya mdomo ili sokoni ijulikane ni kazi ya nani. Siku moja mdogo wangu Evans, mwenye miaka minne, akabonyeza na cha kwake pembeni. Mama akacheka, akakiacha hivyo hivyo, akakichoma pamoja na vingine. Mwaka huohuo surua ikamchukua Evans. Hatukuwa na picha yake hata moja. Chungu kile kikapanda juu ya kabati, na hakikuuzwa wala kutiwa maji. Mara nyingine nilimkuta mama amesimama hapo, ncha ya kidole chake imo kwenye ile alama ndogo, ametulia tu.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Malori yakaanza kupanda kutoka Mbeya yamejaa ndoo, mabeseni na majagi ya kila rangi. Mimi nilikuwa na meza sokoni, nauza vyungu vya mama, na vyungu vikawa vinaniangalia nami naviangalia. Wenzangu waliiita meza yangu makumbusho. Nilicheka nao, lakini moyoni niliona haya. Niliwaonea haya wenzangu, nikamwonea haya na mama. Hiyo ya pili ndiyo sijaisamehe.

Ndipo akaja Mayunga, kijana wa Kisukuma ambaye baba yake alihamia Milepa na ng'ombe. Yeye ng'ombe walimshinda, akawa wakala wa kiwanda kimoja cha plastiki Dar. Alisema kiwanda kinataka kutengeneza vyungu vya maua vyenye umbo la kwetu.

"Nipe chungu kimoja cha mfano tu, dada Fortunata. Wanakifukia kwenye mchanga, wanakitoa, pale palipobaki tundu wanamimina aluminiamu. Ikipoa ndiyo kalibu hiyo. Chuma kikipoa kinanywea kidogo, lakini nani atapima? Halafu ni kuyeyusha plastiki na kushindilia. Vinatoka kama maandazi. Na mkoa mzima wa Rukwa nakuachia wewe uuze. Mcheza kwao hutuzwa!"

Vya mezani alivikataa vyote. Nikampeleka Pito. Mama alikuwa ameenda kuchimba udongo. Mayunga akazungusha macho ndani, yakaishia juu ya kabati.

"Hicho. Angalia hizo alama mbili. Hakuna mwingine mwenye kitu kama hicho."

"Hicho hakiuzwi."

"Nani kasema kuuza? Nakiazima."

Nilijua hakitarudi. Nilijua kabisa, nikapanda kwenye kigoda nikakishusha kwa mikono yangu.

Mama aliporudi nilimwambia kimeniponyoka nikifuta vumbi, kimevunjika. Nilitegemea kilio. Alikaa chini, kisha akauliza, "Vigae viko wapi?"

Hapo ndipo nilipobanwa. Mimi, mtoto wa mfinyanzi, nilikuwa nimesahau! Mama hakutupa vigae hata siku moja. Aliviponda, akavisaga jiweni, akachanganya unga wake na udongo mpya ili chungu kisipasuke motoni. Kwake chungu kilichovunjika kilikuwa kinaingia ndani ya kingine. Alitaka kumrudisha Evans kwenye udongo.

Nikasema nimevihifadhi, nitavileta. Nikaenda nyuma ya kilabu cha pombe, nikaokota vigae jalalani kama kuku, nikavitia kwenye mfuko. Mama alivipokea kwa mikono miwili, akaviweka kwenye kanga. Alivigeuza kimoja kimoja.

Alisaga siku tatu. Kazi hiyo kwa kawaida huimaliza asubuhi moja. Kila nilipopita aliinua macho akanitazama, nami nikajifanya natafuta kuni. Akafinyanga chungu kimoja tu, akakichoma, wala hakukibonyeza kidole. Nikadhani ni majonzi.

Baada ya masika mzigo ukafika. Mayunga alikuwa hodari wa kunadi: alikirusha chungu kwenye saruji, kikadunda, watu wakashangilia. Niliandika ubaoni kwa chaki: HAVIVUNJIKI. Mapadri walinunua, wenye nyumba za wageni walinunua. Nikahama mezani, nikapata duka lenye mlango. Nilikwenda Pito mara chache zaidi, na njia ya mwongo ni fupi.

Siku ya gulio mama akaja dukani bila taarifa, na kapu la maharage kichwani. Nilikimbilia turubai nivifunike. Nikachelewa. Alishatua kapu, akakishika kimoja. Akakizungusha mpaka kwenye zile alama. Akaweka gumba lake kwenye ile kubwa, halikuenea. Akaigusa ile ndogo kwa ncha ya kidole.

"Kidole chake kilikuwa kikubwa kuliko hiki," alisema.

Mayunga hakujua lolote, maskini. "Shikamoo mama! Ngoja nikuoneshe!" Akakichukua mikononi mwa mama, akakibamiza sakafuni kwa nguvu zote. Kikadunda, kikabingirika mpaka miguuni pangu. Mama alikuwa amefumba macho.

"Umeona? Hakivunjiki!"

"Mayunga, toka nje," nilisema. Akatoka, hajui kosa lake. Nikapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Vile vigae..."

"Vilinuka pombe, Fortunata. Nilijua palepale nilipovipokea. Miaka arobaini nafinyanga, nisijue udongo wangu?"

"Sasa mbona ulivisaga?"

Alijitwisha kapu tupu. Maharage alishayamimina kwenye beseni langu, yote, kama alivyokusudia alipotoka nyumbani.

"Nilisaga siku tatu," alisema. "Nilikuwa nakungoja useme."